Paka Aliyekanda Mkeka wa Bibi

Enzi zetu paka hakuwa mnyama wa kila nyumba. Ninyi mliokua pamoja nami kandokando ya Mto Kilombero, wakati wa Mjerumani, mtakumbuka kwamba mbwa walikuwepo, kuku walikuwepo, panya ndio usiseme, lakini paka, ungeweza kutembea kutoka Kivukoni mpaka Kiberege usimwone hata mmoja. Siku hizi wamejaa. Wajukuu zangu wanaye mmoja hapa Ifakara, mnene, analala juu ya kiti mchana kutwa, na panya wanapita mbele yake wakienda jikoni wala hageuzi sikio. Nilimuuliza mjukuu wangu mkubwa kwa nini paka huyo hakamati panya. Akanijibu, Bibi, huyu si paka wa kazi. Enzi zetu hata mtoto wa miaka mitano alikuwa wa kazi.

Paka wetu tulimpata kwa njia ya kivuko. Baba alikuwa akivusha watu na mizigo kwa mtumbwi, na wateja wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara waliotoka pwani na chumvi na kaniki, wakielekea Mahenge. Mmoja wao alikuwa na paka jike aliyezaa njiani, ndani ya tenga la kaniki. Chui akamchukua yule mama, na vitoto vikafa kimoja kimoja, kikabaki kimoja ambacho macho yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Yule mfanyabiashara akampa baba kama asante, na nadhani alikuwa amechoka kumsikia akilia. Baba akaja naye nyumbani kamfunika kiganjani, akasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jina likawa hilo hilo, Mgeni.

Mimi ndiye niliyepewa kumlea. Umri wangu siujui, ila meno ya mbele yalikuwa yameshaota mara ya pili. Nilimlisha uji wa mchele kwa ncha ya kidole, na usiku alilala tumboni kwangu. Ndipo nilipoona kile kitu chake. Kabla ya kulala alisimama juu ya tumbo langu akaanza kukanyaga, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kulia, kushoto, polepole, akifungua vidole na kuvifumba, macho yamelegea, huku kifua chake kikinguruma kama chungu cha maharage kilichofunikwa. Makucha yalinichoma. Nilipomshusha alipanda tena, akaanza upya pale alipoishia.

Nikamuuliza baba, huyu anafanya nini? Baba akasema anajifuta tope la mto. Nikamwambia hajafika mtoni. Akasema basi atakuwa anajiandaa kufika. Baba alikuwa na tabia hiyo, ukimuuliza jambo asilolijua anakupa jibu la kukuchekesha ili usahau swali. Mama alisema anatandika kitanda chake, kwani hata mbwa huzunguka kabla ya kulala. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akikaa nasi, alisema anatwanga. Nikauliza anatwanga nini. Akasema, pepeta.

Hapo nilishikwa na wazimu wa furaha, maana pepeta kwetu ilikuwa ndiyo sikukuu yenyewe. Mnakumbuka? Mpunga haujakauka vizuri, bado una ubichi, unavunwa kidogo, unakaangwa, kisha unatiwa kinuni ungali moto. Wanawake wawili wanapokezana michi, na harufu inafika mpaka ng'ambo ya mto. Sisi watoto tulikaa chini ya kinu na mikono wazi kusubiri zile punje bapa zinazoruka nje. Leo vijana wananunua biskuti kwenye karatasi, wanakula wakitembea, hawajui hata nani kazitwanga. Nilimtazama Mgeni akitwanga tumbo langu nikaamini maneno ya Bibi kwa muda mrefu, ingawa sikuelewa kwa nini kinu chake kiwe mimi.

Siku zilikuwa ndefu wakati ule. Mpunga ukianza kuchanua tulihamia shambani, tukalala kwenye dungu, ile nyumba ya juu ya miti ambayo maji ya mafuriko yanapita chini yake. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege wasile mpunga. Tulipiga kelele tangu alfajiri hadi sauti zikawa kama za vyura, na kati ya kundi moja la ndege na jingine tulicheza mdako kwa vijiwe. Mchana tulikula kambale na wali, tukalamba vidole. Mgeni alikuwa nasi juu ya dungu. Bibi hakuwa mtu wa kupenda wanyama ndani ya nyumba, lakini alisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu jembe lake amelishika bila kuambiwa. Ni kweli. Mwaka ule panya hawakutugusa. Masika ya mwaka ule mama alijifungua mtoto wa kiume, na kwa kuwa mvua haikukata siku tatu, akaitwa Masika.

Kisha mambo yakaharibika, na hapa kumbukumbu zangu zimechanganyika, mnisamehe. Vita vile vya Majimaji wakubwa wetu hawakutueleza. Nilichoona ni wanaume wakizungumza kwa sauti ndogo penye mitumbwi, na wakinyamaza mtoto akipita. Nilisikia kuna dawa ya maji, anayeinywa risasi haimpati. Nilisikia pia ina miiko yake. Siku moja baba alirudi ana maji yakimtiririka kichwani, na hakutaka mtu amguse. Nilimuuliza kama ametumbukia mtoni. Mara ile hakunichekesha. Kesho yake aliondoka na wenzake kuelekea upande wa Mahenge, mtumbwi wake akauacha umefungwa, na hakurudi tena. Mpaka leo sijui alilala wapi, na wala sijui kama aliamini yale maji au alikwenda kwa kuwa wenzake wanakwenda.

Mama na Bibi hawakukaa wakalia. Walichimba shimo ndani ya nyumba, mahali Bibi alipolala, wakatia chungu kikubwa kilichojaa mpunga wa mbegu uliochanganywa na majivu. Mdomo wakaufunga kwa ngozi na udongo, wakafukia, wakatandaza majani makavu ya mpunga juu yake, na juu ya majani mkeka. Kwetu mbegu haikuwa chakula. Unaweza kufa njaa umeegemea mbegu, ukizila umeua na wale watakaobaki. Mama aliniita akaniambia maneno machache: "Hapa chini ndipo mwaka ujao ulipo. Usimwambie mtu, hata akikupa asali." Niliapa.

Sasa shida ikawa Mgeni. Pale mahali palikuwa pamelainika, majani yamefanya kitanda, na yeye akaacha tumbo langu. Kutwa alikuwa juu ya mkeka wa Bibi, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Bibi akimfukuza anarudi. Niliona wivu kidogo. Bibi naye aliacha kusema habari za pepeta. Alimtazama siku moja kwa muda mrefu akasema, huyu hatwangi, huyu anachimba.

Askari wa Mjerumani walikuja asubuhi, umande ulipokauka. Walikuwa watano, na wapagazi nyuma yao. Walimuuliza mama mumewe yuko wapi, mama akasema amekwenda kuvua, wakacheka. Walitoa mpunga wote ghalani, wakawatwisha wapagazi, kisha wakalitia moto ghala. Nyumba za jirani zilichomwa. Yetu waliiacha, sijui kwa nini.

Mmoja wao aliingia ndani kupekua. Mama alisimama na Masika mgongoni, Bibi alikuwa ameketi penye kizingiti, mimi nimemshika Bibi nguo. Askari yule alifunua matenga, akagonga vyungu kwa kitako cha bunduki. Nje ghala linaungua na moshi unaingia. Paka yeyote mwenye akili angekuwa ameshakimbilia mtoni. Mgeni akatoka uvunguni mwa kitanda, akapanda mkeka, pale pale, akaanza kukanda.

Askari akasimama kumtazama. Akasema, "Bibi, paka wako anakanda sana hapa."

Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Akajibu, "Mtoto huyo, baba. Anacheza."

Yule askari alichuchumaa, akamkuna Mgeni kichwani, akasema nyumbani kwao mama yake alikuwa na paka kama huyu. Akauweka mkono wake juu ya mkeka, akaubonyeza mara moja, mara mbili, kama mtu anayejaribu godoro. Halafu akainua macho akanitazama mimi. Nilihisi kwamba chungu kizima kimeandikwa usoni kwangu. Akasimama, akatoka, nikamsikia akiwaambia wenzake ndani hamna kitu. Alijua? Hakujua? Nimejiuliza maisha yangu yote, na kila mwaka najibu tofauti.

Waliondoka wakisema watarudi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nilipomsikia Bibi akimwambia mama, "Huyu paka atatuuza." Hakuna aliyeniagiza lolote, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke, maana nimekaa miaka mingi nikitafuta mtu mwingine wa kumtwika. Niliamua mwenyewe, kwa akili ya mtoto aliyeapa.

Kesho yake mchana, mama na Bibi walipokwenda porini kuchimba ndiga, vile viazi vya mwituni, nilimtia Mgeni kwenye kikapu, nikafungua mtumbwi wa baba. Msishangae. Watoto wa Kivukoni tulijua kushika pondo la kusukumia mtumbwi kabla ya kujua kufunga nguo. Sikuuvuka mto mkubwa, nilikata ule mkono mdogo hadi kwenye kisiwa ambako wavuvi walikuwa na kambi yao, na sasa kambi ilikuwa tupu. Njia nzima alikuwa akikanda kitako cha kikapu. Nilidhani atalia, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia.

Nilivua kipande cha kaniki nilichojifunga mabegani, nikakitandika ndani ya kibanda cha wavuvi, nikamweka juu yake. Alikinusa. Kilikuwa na harufu yangu. Akafumba macho nusu, akaanza kukanda, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kifua kikinguruma, na nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mtumbwini, naye hakuinua kichwa. Hivyo ndivyo nilivyomwacha. Kama angenifuata hata hatua moja ningemrudisha, naapa.

Nyumbani nilisema ametoka na hajarudi. Mama alinitazama mabega, akaniuliza kaniki iko wapi. Nikasema imechukuliwa na maji. Hakuuliza tena. Bibi alisema, basi, mgeni kaaga. Askari hawakurudi kwetu kamwe.

Mvua za kwanza zilipoanguka tukafukua chungu. Bibi ndiye aliyechimba, kwa mikono, taratibu, kana kwamba anafukua mtoto. Ngozi ya mdomoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Panya walikuwa wamechimba njia kutoka ukutani. Ndani ya chungu mlijaa makapi na mavi ya panya, na mpunga mzima uliobaki haukufunika ungo. Mama aliketi chini. Bibi alisema, "Yule paka angekuwepo." Alisema hivyo tu, kisha akaanza kupepeta kilichobaki, nami nilisimama mlangoni nikimtazama.

Tulipanda kipande kidogo kama uwanja wa kuchezea. Njaa ile mnaijua, sina haja ya kuwahadithia ninyi. Tulikula ndiga zilizolowekwa mtoni, tulikula mizizi ya yungiyungi, tulikula vitu ambavyo nikimtajia mjukuu wangu anadhani natunga. Mama alitugawia sisi kwanza, akasema yeye ameshakula porini. Masika alikuwa bado ananyonya. Maziwa yalipokauka hakuelewa. Alikuwa akilishika ziwa la mama kwa mikono yote miwili, akilibonyeza, mkono huu, mkono huu, akifungua vidole na kuvifumba, akingoja. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Nilihisi nimeliona mahali pengine, lakini njaa haikuruhusu mtu kufikiri, na wazo likapita.

Mama alifariki mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Sisemi panya ndio waliomuua. Vita, njaa, huzuni ya baba, homa, kila kimoja kilikuwa na mkono wake. Nasema tu kwamba chungu kingekuwa kizima tungelima zaidi, na mama angekuwa na la kutumaini. Bibi ndiye aliyetulea, na Masika akakua akiniita mama mpaka alipopata akili ya kuniita dada.

Nilikuwa msichana mkubwa, ninafanya kazi jikoni kwa masista, nilipojua. Paka wa misheni alikuwa amezaa kwenye tenga la kuni. Niliinama kuchukua kuni nikaona vitoto vinne vimejipanga tumboni kwa mama yao, vinanyonya, na kila kimoja kinakanda lile tumbo kwa vikono vyake, kulia, kushoto, ili maziwa yashuke. Nilikaa pale chini moto ukazimika. Sista alinigombeza. Kumbe Mgeni hakuwa akifuta tope, wala kutandika, wala kutwanga, wala kuchimba. Alinyang'anywa mama yake kabla hajashiba, na tumboni kwangu alikuwa akimtafuta mama, na mama huyo nikawa mimi.

Ila hata hapo sikutulia. Kwa nini basi aliniacha akahamia kwenye mkeka? Kwa sababu palikuwa laini? Au alikuwa akiwasikia panya chini wakija, naye anatuambia kwa lugha aliyokuwa nayo? Mjukuu wangu anasema, Bibi, kitabuni wameandika, paka akikanda amefurahi, basi. Kijana huyu anajua kila kitu kilichomo kitabuni na hajui ndoo ya maji ilipo. Nimemwambia pengine ni kweli. Lakini furaha gani hiyo, siku ghala linaungua?

Mwaka huu Masika aliugua. Alitoka Kiberege kwa lori, mzee mwenye mvi, akaja kulala kwangu ili nimuuguze. Mchana mmoja homa ilipompanda nilimwona amefumba macho, na vidole vyake vinalikanda blanketi, mkono huu, mkono huu. Nilishindwa kuvumilia. Alipozinduka na kunywa uji nikamwambia yote, kikapu, kisiwa, kaniki, panya, chungu, mama. Sijawahi kumwambia mtu. Nilisema, mdogo wangu, ukitaka kunilaumu nilaumu, haki yako.

Masika aliweka chini bakuli la uji. Kisha akauliza, "Dada, na yule paka, alipata pa kulala?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Ulimwachia kaniki." Akageukia ukutani akalala. Amepona, amesharudi kwake, na hajalitaja tena jambo hilo.

Sasa pale Kivukoni hata ukiniongoza sitaijua nyumba yetu ilipokuwa. Dungu wamebaki nalo wachache, pepeta inatwangwa kwa uvivu, na watoto hawaamii ndege mpaka wabembelezwe. Enzi zetu tulikuwa na paka mmoja bonde zima na tulimpa jembe. Leo wapo wengi na hakuna anayewauliza kitu. Yule mnene wa wajukuu zangu akishuka kitini jioni hunipandia tumboni na kuanza mambo yake, kulia, kushoto. Wajukuu hukimbilia kumshusha, wanasema, Bibi, anakuchanachana khanga. Mimi nawaambia wamwache. Makucha yanachoma kidogo, lakini wamwache mpaka atakapochoka mwenyewe.